Tuta, Shuka na Redio: Kisa cha Sinema ya Kwanza ya Garini

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika mji mdogo wa Riverton, jimbo la New Jersey nchini Marekani, Richard Hollingshead aliegesha gari uani kwake, akaweka projekta ya Kodak juu ya boneti, akapigilia shuka kwenye miti iliyokuwa mbele, na nyuma ya shuka akaweka redio. Kisha akaingia garini na kutazama. Alipandisha vioo akasikiliza, akavishusha akasikiliza tena. Alipotaka kujua mvua ikinyesha itakuwaje, alifungulia mtambo wa kumwagilia bustani ukalinyeshea gari naye yumo ndani.

Nakianza kisa hiki uani kwa makusudi, kwa sababu karibu kila kitu kilichokuja kuzipata sinema za garini, yaani viwanja vya kutazamia filamu ukiwa ndani ya gari lako, kwa miaka hamsini iliyofuata kilikuwa tayari pale: gari, mwanga, shuka, mvua, na ile redio. Hollingshead alilishughulikia suala la macho kwa subira kubwa mno. Suala la sikio alilipitia juujuu. Na lipo la tatu, la nani atakayekupa filamu ya kuonyesha, ambalo uani halikuwepo kabisa, nalo ndilo lililomtoa jasho zaidi.

Hollingshead alizaliwa mwaka 1900. Familia yake ilikuwa na kiwanda huko Camden, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, kilichotengeneza grisi, polishi na bidhaa nyingine za kutunza magari kwa jina la Whiz. Naye alifanya kazi humo humo. Kwa hiyo fikra zake zote zilianzia kwenye gari. Wazo lake la kwanza halikuwa hata sinema. Lilikuwa kituo cha mafuta cha fahari, ambapo mteja angepata chakula na kutazama picha huku gari lake likihudumiwa. Polepole vingine vikapukutika, picha ikabaki.

Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Hollingshead alijiuliza ni vitu gani watu hawako tayari kuviacha hata wakibanwa, akajijibu: chakula, mavazi, gari na sinema. Viwili vya mwanzo havikuwa fani yake. Akaviunganisha viwili vya mwisho.

Lakini sinema yenyewe wakati huo ilikuwa nini? Miaka ya 1920 ilikuwa enzi ya makasri ya sinema. Roxy ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa na viti karibu 6,000. Majumba hayo yalijengwa kama nyumba za wafalme, na aliyeingia alijiandaa kama anayekwenda karamuni: akavaa vizuri, akatafuta pa kuegesha katikati ya jiji, na akiwa na mtoto mchanga akatafuta wa kumwachia. Mtoto akilia ukumbini, mama alitoka naye huku watu wakigeuza shingo. Watu wa namna hiyo, wenye watoto wadogo, wazee wasioweza ngazi, watu wanene wasioenea vitini, walikuwa wengi. Hollingshead ndio aliowaona. Tangazo lake lilisema familia nzima inakaribishwa hata watoto wakiwa na kelele kiasi gani. Kwangu mimi sentensi hiyo ndiyo uvumbuzi wake mkubwa, ingawa si hiyo aliyokwenda kuiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake.

Alichokiombea hataza ni tuta.

Lifikirie gari la mwaka 1933. Kioo cha mbele ni kifupi na kimesimama wima. Aliyekaa nyuma huona dirisha jembamba tu la dunia, katikati ya mabega ya waliokaa mbele. Ukiliegesha gari hilo kwenye uwanja tambarare na skrini ikiwa juu, paa lake lenyewe linakata nusu ya juu ya picha. Ukiweka gari jingine mbele yake, nusu ya chini nayo inapotea. Uani kwake Hollingshead alipanga magari moja nyuma ya jingine, akaligundua tatizo hilo, akaanza kuweka magogo chini ya magurudumu ya mbele. Akiliinua gari pua, mstari wa macho unapanda: unapita juu ya paa la gari la mbele, na paa lako mwenyewe linakwepa. Akaendelea kupima, gogo hadi gogo, hadi akajua kila safu inahitaji kuinuliwa kiasi gani na iwe umbali gani kutoka safu iliyo mbele yake.

Kiwanjani magogo yakageuka matuta ya udongo. Safu zilipindwa kama upinde kuielekea skrini, kila safu ina tuta lake, dereva anapandisha magurudumu ya mbele na kusimama. Kati ya safu na safu kuna njia pana, ili mtu akitaka kuondoka katikati ya filamu aondoke bila kumsumbua mwingine. Mambo hayo yote yamechorwa kwenye ombi lake la hataza la tarehe 6 Agosti 1932. Hataza ilitolewa tarehe 16 Mei 1933, namba 1,909,537.

Wiki tatu baadaye, tarehe 6 Juni 1933, milango ikafunguliwa.

Kiwanja kilikuwa Pennsauken, mpakani na Camden, kando ya barabara ya Admiral Wilson. Nasisitiza mahali kwa sababu hapakuchaguliwa kwa bahati. Mwaka 1926 lilifunguliwa daraja kubwa la kuvuka mto Delaware kutoka Philadelphia, na barabara hiyo ndiyo iliyopokea magari yaliyotoka darajani. Mtu mwenye gari jipya na jioni ya joto alipita hapo atake asitake. Hollingshead na binamu yake Willis Smith walikuwa wameunda kampuni, wakatengeneza nafasi za magari yapatayo 400. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, na gari lililojaa watu halikulipa zaidi ya dola 1. Filamu ya usiku wa kwanza ilikuwa Wives Beware, iliyoigizwa na Adolphe Menjou.

Watu walikuja. Macho yao yaliona. Yaliyofuata ndiyo yanayostahili kuchambuliwa.

Kwanza sauti. Kampuni ya RCA Victor, ambayo makao yake yalikuwa Camden hapo hapo, ilimtengenezea spika tatu kubwa, kila moja yenye upana wa futi sita, zikawekwa penye skrini zikivuma kuelekea magarini. Matumaini yalikuwa kwamba sauti itaelekezwa kama taa ya gari inavyoelekezwa barabarani. Sauti haina utii huo. Aliyeegesha safu ya mbele alipigwa na kelele, wa safu ya mwisho alitega sikio, na wasiolipa chochote, yaani majirani waliokuwa vitandani mwao, walisikia filamu nzima kila usiku.

Kuna jambo jingine ambalo projekta bora kuliko zote isingelitibu. Mwanga unafika papo hapo, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Gari lililo mita 100 kutoka kwenye spika hupokea neno karibu theluthi ya sekunde baada ya picha yake. Unamwona mwigizaji amefunga mdomo, na neno ndiyo kwanza linakuingia sikioni. Filamu zenye sauti zilikuwa na umri wa miaka michache tu wakati huo, na raha yake kubwa kwa watazamaji ilikuwa kuona mdomo na kusikia neno kwa pamoja. Safu za nyuma zilinyimwa raha hiyo, tena hizo ndizo safu pana zaidi, kwa sababu upinde unavyosogea nyuma ndivyo unavyorefuka. Wengi wa waliolipa walikuwa upande ulioharibika.

Uani Riverton jambo hilo halikuonekana. Redio ilikuwa nyuma ya shuka, na shuka lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye boneti. Jaribio lililokuwa kweli kwa macho lilimdanganya masikioni, kwa sababu picha unaweza kuikuza na ikabaki ile ile, lakini umbali wa sauti ukiukuza unapata kitu kingine kabisa. Simlaumu sana. Alipima kwa vifaa alivyokuwa navyo, na aliyempa spika ilikuwa kampuni iliyojua sauti kuliko yeye.

Pili filamu. Hapa ndipo naona biashara ilipovunjika mgongo. Studio kubwa za Hollywood wakati huo hazikuwa zinatengeneza filamu tu, zilimiliki pia majumba ya kuzionyeshea. Upande wa Philadelphia, Warner Bros. ilikuwa imeununua mwaka 1928 mtandao wa majumba ya Stanley, uliotawala eneo zima. Mtu mwenye kiwanja cha udongo ng'ambo ya mto, anayewachukulia wateja kwa senti 25, angepewa filamu mpya kwa hisani gani? Mwamba ngoma huvutia kwake. Filamu ikishatoka ilianza kwenye majumba makubwa ya katikati ya jiji, ikashuka kwenye majumba ya mitaa, ikashuka tena, na mwisho wa ngazi hiyo ndiko aliposimama Hollingshead. Tena hata huko chini alitozwa bei ya juu. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba filamu yake ya kwanza ilimgharimu dola 400 kwa siku nne, ilhali jumba dogo la Camden Kusini lililoionyesha kabla yake lilikuwa limelipa dola 20 kwa wiki.

Hebu tuzihesabu hizo namba. Gari lenye watu wawili lilimletea senti 75. Ili arudishe dola 400 za filamu peke yake, yalihitajika magari zaidi ya 530 ya namna hiyo ndani ya siku nne, kabla ya kulipa umeme, wafanyakazi na deni la ujenzi. Kwa kiwanja cha magari 400 inawezekana, usiku ukiwa mkavu. Lakini New Jersey ina mvua, na ina majira ya baridi yanayofunga biashara kwa miezi. Wakati wa kiangazi, ambao ndio msimu wenyewe, jua huzama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo filamu haianzi hadi giza liingie, na mwenye watoto wadogo, yule yule aliyeahidiwa kwenye tangazo, ndiye wa kwanza kutaka kurudi nyumbani. Jumba la ndani lingeweza kuanza mchana na kuonyesha mara tano. Yeye aliuza giza, na giza la Juni ni fupi.

Takriban miaka mitatu baada ya kufungua, Hollingshead alikiuza kiwanja cha Pennsauken, na shughuli ikahamia Union, huko huko New Jersey. Kwake ilibaki hataza.

Wazo lenyewe lilikuwa limeshatoroka. Tarehe 15 Aprili 1934, kabla ya mwaka kutimia tangu usiku ule wa kwanza, mwenye hoteli mmoja wa Orefield, Pennsylvania, aitwaye Wilson Shankweiler, alifungua sinema yake ya garini. Mwaka huo huo zikafunguliwa Galveston huko Texas, na Los Angeles. Mwaka 1936 ikawa zamu ya Weymouth, Massachusetts. Wapo waliolipa ada ya hataza na wapo waliochonga matuta yao kimyakimya wakisubiri washtakiwe. Kampuni iliyoshika haki za Hollingshead, Park-In Theatres, ilishtaki. Kesi iliyoamua mambo ilitoka Providence, Rhode Island, dhidi ya Loew's Drive-In Theatres, na mwaka 1949 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko Boston ikaitangaza hataza kuwa batili.

Hoja ya majaji inafaa kusomwa na kila anayedhani amevumbua kitu. Walisema kupanga magari kwa upinde kuielekea skrini ni kuhamishia kwenye magari mpangilio wa viti uliotumika katika kumbi za maonyesho tangu kale, ili mtazamaji aangalie mbele bila kupinda mwili wala kugeuza kichwa. Na kuinua ardhi ili aliye nyuma aone juu ya aliye mbele, hilo nalo ni lile lile la sakafu ya mteremko ukumbini. Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo mwaka huo huo. Hataza za wakati ule zilidumu miaka 17, kwa hiyo ya Hollingshead ingeisha yenyewe Mei 1950. Ilikufa ikiwa imebakiza miezi.

Naamini majaji walikuwa sahihi, na bado inaniuma. Wagiriki walichonga viti vyao milimani kwa umbo hilo hilo, hakuna wa kuwatoza. Ila kila aliyefungua sinema ya garini baada ya 1933 alipata bure kazi ya mtu aliyekaa kwenye gari lililolowa akipima magogo. Kosa lake, nikilipima sasa, ni kwamba alilinda kwa sheria sehemu aliyokuwa ameshaitatua, ambayo mtu yeyote mwenye sepeto angeweza kuiiga, akaziacha wazi sehemu mbili zilizoamua nani atapata pesa: sauti na filamu.

Na zote mbili zilipotatuliwa, yeye hakuwepo mezani. Mwaka 1941 RCA ile ile ilileta spika ndogo ya kuning'iniza dirishani, yenye kitufe cha kupunguza na kuongeza sauti. Umeme unapita kwenye waya kasi kuliko sauti inavyopita hewani, kwa hiyo neno lilifika safu ya mwisho pamoja na mdomo wake, na majirani wakalala. Vita vikachelewesha. Baada ya 1945 spika hizo zilienea, zikisimama mbilimbili juu ya nguzo kati ya gari na gari. Upande wa filamu, mwaka 1948 Mahakama ya Juu ilizihukumu studio kubwa kwa kuhodhi biashara, na hatimaye zikalazimika kuachana na majumba yao. Mwaka 1950 mmiliki wa Boulevard Drive-In, karibu na Allentown, Pennsylvania, aliwashinda mahakamani wasambazaji waliokuwa wamekubaliana kutompa filamu za onyesho la kwanza, na rufani yao ikatupwa mwaka uliofuata. Allentown haiko mbali na Orefield kwa Shankweiler, wala na Camden.

Hapo ndipo lilipokuja gharika. Mwaka 1948 Marekani ilikuwa na sinema za garini 820. Mwaka 1958 zilikuwa 4,063. Askari wamerudi, watoto wamezaliwa kwa wingi, familia zimehamia vitongoji visivyo na majumba ya sinema lakini vyenye gari kila mlango. Wale wa lile tangazo la 1933 walikuwa wamefika sasa kwa mamilioni, wengine wakiwa na watoto waliovaa nguo za kulalia tayari. Huko Copiague, New York, kiwanja kimoja kiliingiza magari 2,500 kwenye ekari 29.

Hizo ekari ndizo zilizowageukia. Kuporomoka kwa sinema za garini nakupitia haraka kwa sababu hakuna fumbo: vitongoji vilipoendelea kukua vilikizunguka kiwanja, bei ya ardhi ikapanda, na ardhi inayofanya kazi saa chache za usiku, miezi michache ya mwaka, haiwezi kushindana na duka kubwa linalofungua kila siku. Saa za kiangazi, yaani desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, zilipolinganishwa nchi nzima kwa sheria ya 1966, giza likazidi kuchelewa kwenye majimbo mengi. Zikaja runinga za rangi, kumbi zenye skrini nyingi, kaseti za video. Kufikia miaka ya 2010, studio zilipoacha kusambaza filamu za mkanda wa milimita 35, kila aliyebaki alitakiwa kununua projekta ya kidijitali kwa makumi ya maelfu ya dola au afunge. Leo zimesalia mia chache.

Ya Shankweiler ni mojawapo. Imepigwa na kimbunga mwaka 1955, imebadilisha wamiliki, na ndiyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi. Katika miaka ya 1980 iliachana na zile spika za dirishani, ambazo waya zake ziliharibika na ambazo baadhi ya madereva waliondoka nazo kwa kusahau kuzitundika, ikaanza kurusha sauti kwa mawimbi ya FM. Tangu hapo mtazamaji anaegesha juu ya tuta, anapandisha vioo mvua ikianza, anatafuta masafa, na filamu inasema naye kupitia redio ya gari lake mwenyewe. Hollingshead alifariki mwaka 1975. Redio alikuwa nayo tangu usiku wa kwanza kule uani, ila aliiweka nyuma ya shuka.